Uzi: Kengele ya mgonjwa ifike kweli (mtandao wa vifaa vya afya vya kuvaa na uangalizi wa nyumbani)

#1 Tarishi

Wakuu, uzi huu ni kwa wanaojenga, wanaofunga au wanaosimamia mifumo ya kumwangalia mgonjwa ama mzee akiwa nyumbani: mkanda wa mkononi unaopima mapigo na oksijeni, kitufe cha shingoni cha kuomba msaada, kihisi cha kuanguka, kiraka cha ECG (kinachorekodi umeme wa moyo) kifuani. Mijadala mingi huishia kwenye usahihi wa vihisi na sura ya programu ya simu. Njia inayobeba taarifa huachwa kana kwamba ilishatatuliwa zamani. Haijatatuliwa, na gharama yake ni mtu aliyelala sakafuni bila msaada.

Kengele moja hupita vipande vinne: mwilini hadi kituo cha nyumbani (kisanduku kinachopokea taarifa za vifaa na kuzipeleka nje), kituo hadi intaneti, intaneti hadi seva, seva hadi binadamu atakayeinuka. Kila kipande huharibika kwa namna yake. Swali la kwanza la kuuliza mfumo wowote ni hili: ukinyamaza, nani atajua, na baada ya dakika ngapi? Mfumo usioweza kujibu hilo bado haujakamilika, hata kama unapima vizuri kiasi gani.

Nianze na mwili wenyewe. Bluetooth na Wi-Fi nyingi zinatumia 2.4 GHz, na mwili umejaa maji, hivyo unameza mawimbi hayo. Fanyeni hesabu hii kabla ya kununua chochote. Kifaa kinatoa 0 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi: kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo mawimbi yanavyodhoofika, na dB huhesabu kinachopotea njiani). Mita ya kwanza inakula takriban dB 40. Kufikia mita 10 zimeondoka 20 nyingine. Kuta mbili nyepesi, tuseme 6 kila moja, ni 12. Kinachofika ni −72 dBm, na chipu nzuri ya Bluetooth husikia hadi karibu −95. Hapo hakuna shida. Sasa mvaaji ageuke, mwili ukae katikati: toa 20, umebaki na −92. Aanguke, mkono wenye kifaa ubanwe chini ya kiwiliwili: hasara inaweza kufika 30, uko −102, na kiungo kimekatika.

Maana yake, mfumo uliopimwa mtu akiwa amesimama katikati ya sebule unaweza kushindwa katika hali ileile ulionunuliwa kwa ajili yake.

Tiba ya kwanza ni ya ufungaji. Weka vipokezi viwili (redio zinazomsikiliza mvaaji na kupeleka taarifa kituoni) kwenye pembe zinazotazamana, kimo cha mita 1.5 hadi 2, mbali na friji, nyuma ya runinga na kabati za chuma. Bafu lipewe kipokezi chake au kimoja kiwe nje kidogo ya mlango wake, maana vioo, mabomba na maji hulifanya kuwa mahali pagumu, na watu huteleza humo. Tembea na kifaa kila kona, pamoja na chini kando ya kitanda, na uandike nguvu ya mawimbi. Mvaaji akiwa wima, angalau kipokezi kimoja kisome −65 dBm au zaidi ya hapo. Hiyo inakuachia dB 30 za kupoteza siku ya kuanguka.

#2 Msimamizi_Zamu

Asante mkuu kwa mchanganuo. Swali la moja kwa moja: kwa nini tusipandishe tu nguvu ya kutuma hadi +8 dBm badala ya kuongeza vipokezi?

#3 KapasitaMia

@Msimamizi_Zamu unaweza, ila betri ndiyo itakayoamua. Vifaa vingi vidogo vinatumia betri ya kidonge ya CR2032, chenye takriban mAh 220, na kidonge hicho hakikutengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla. Kikiwa kipya kinavumilia mipigo ya mA 10 hadi 15. Kikizeeka au chumba kikiwa na baridi, ukinzani wake wa ndani unapanda, volti inaporomoka wakati wa kutuma, na chipu inajizima na kuanza upya. Inajizima inapotuma, yaani wakati wa kengele. Ukiipima betri kifaa kikiwa kimetulia utaona volti 2.9 na kuridhika bure.

Mambo mawili. Weka kapasita ya mikrofaradi 100 isiyovuja sana sambamba na betri, karibu na chipu. Na kifaa kipime volti wakati redio inatuma, kisha namba hiyo ndiyo iende kwenye seva. Betri ibadilishwe kwa kuangalia volti ya chini ya mzigo, si kwa asilimia inayooneshwa kwenye skrini.

Badala ya kupandisha nguvu, tazama pia hali ya masafa marefu iliyokuja na Bluetooth 5 mwaka 2016. Ile ya kbit/s 125 huongeza usikivu kwa takriban dB 8 kwa vitendo. Bei yake ni kwamba pakiti inakaa hewani karibu mara nane zaidi, hivyo inakula umeme na inagongana kwa urahisi na nyingine. Kwa kengele fupi inafaa sana. Kwa ECG mfululizo sishauri. Na hakikisha kituo cha nyumbani kinaikubali, kwa sababu simu nyingi haziiungi mkono.

#4 Pakiti

Niongeze upande wa itifaki (kanuni za vifaa kuzungumza), maana hapa ndipo mipangilio ya kiwandani inaachwa bila kuguswa.

Kifaa kilichoungana na kituo kwa Bluetooth kina namba tatu za kupanga. Ya kwanza ni muda kati ya miadi (nyakati ambazo kifaa na kituo hukutana hewani): kwa kawaida milisekunde 7.5 hadi sekunde 4. Ya pili ni idadi ya miadi ambayo kifaa kinaruhusiwa kuruka kikiwa hakina cha kusema. Ya tatu ni muda wa kukata tamaa: milisekunde 100 hadi sekunde 32. Hiyo ya tatu lazima izidi muda wa miadi, mara idadi ya kuruka jumlisha moja, mara mbili. Mfano: miadi kila milisekunde 500, ruhusa ya kuruka 4, hesabu inatoa sekunde 5. Weka 6. Ukiweka ndogo zaidi, kiungo kitakuwa kinakatika bila sababu na utalaumu kuta.

Watu huogopa ruhusa ya kuruka wakidhani inachelewesha kengele. Haicheleweshi: kifaa kikiwa na la kusema kinatumia miadi inayofuata mara moja. Kinachochelewa ni ujumbe wa kutoka kituoni kwenda kwenye kifaa.

Kwa kengele yenyewe, mimi ni muumini wa kutangaza hewani badala ya kutegemea kiungo kilichopo. Kiungo kinamfunga mvaaji kwa kipokezi kimoja, na akihama chumba lazima kikatike kwanza ndipo kingine kishike. Tangazo linasikiwa na vipokezi vyote kwa pamoja. Linapita kwenye chaneli tatu, 2402, 2426 na 2480 MHz, zilizowekwa makusudi kukwepa katikati ya chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi. Baiti 31 zinatosha: utambulisho wa kifaa, namba ya mfululizo, aina ya tukio, hali ya betri na muhuri wa siri wa baiti 4. Tangaza kila milisekunde 100 kwa sekunde 10 za kwanza, kisha kila milisekunde 500, na usiache mpaka risiti ije. Kipokezi chochote kilichosikia kinapeleka juu, na seva inafuta nakala kwa kulinganisha utambulisho na namba ya mfululizo. Namba hiyohiyo ndiyo inayomzuia mtu mbaya asirekodi tangazo la jana na kulirudia leo.

Kosa linalojirudia ni upande wa kipokezi. Programu inasikiliza milisekunde 30 kati ya kila 300 ili kuokoa umeme, ilhali kituo kimechomekwa ukutani. Dirisha la kusikiliza liwe sawa na kipindi chake, yaani masikio wazi muda wote. Pia, chipu moja inayogawana antena kati ya Wi-Fi na Bluetooth inakuwa kiziwi kila Wi-Fi inapozungumza. Tumia redio ya pili ya USB, na uiweke kwenye waya wa mita moja mbali na kituo, kwa kuwa milango ya USB 3.0 hutoa kelele kwenye 2.4 GHz.

#5 Mlezi_Mkuu

Pakiti, nauliza kuhusu kuanguka. Kifaa chetu kinatetemeka kwa sekunde 20 kumpa mtu nafasi ya kufuta kengele ya uongo, ndipo kinatuma. Hizo sekunde 20 zinaniogopesha. Kikikatika humo katikati?

#6 Pakiti

@Mlezi_Mkuu umegusa jambo zito. Kifaa kinachosubiri kwanza ndipo kitume kimeweka hatari upande wa mgonjwa. Geuza mpangilio. Kihisi kikiona ile picha ya kuanguka (mwili kukosa uzito kwa muda mfupi, kishindo cha juu ya g 2 au 3, kisha utulivu), kitume papo hapo ujumbe wa "huenda ameanguka". Seva ianze kuhesabu sekunde 20, na ujumbe wa kufuta ukija, kimya. Usipokuja, kengele inakuwa hai yenyewe. Hapo betri ikitoka kwa kishindo au mtu akiulalia mkono, ukimya wa kifaa unaipeleka kengele mbele badala ya kuizima.

Na uamuzi wa kuanguka ufanyike ndani ya kifaa. Kupeleka mwendo ghafi kwenye seva ili seva ndiyo iamue kunamaanisha kila upotevu wa mtandao ni upofu.

#7 Mzizi

Hapa tunapanga kiraka cha ECG cha kurekodi usiku na mchana. Je, nitumie notifikesheni (ujumbe usiosubiri risiti ya programu) au indikesheni (unaosubiri) za Bluetooth? Na nini kifanyike mtandao ukikatika saa kadhaa?

#8 Tarishi

@Mzizi anza na hesabu ya ujazo. Sampuli 250 kwa sekunde, biti 16 kila moja, ni kbit/s 4 kwa mkondo mmoja wa ECG. Hiyo ni baiti 500 kwa sekunde, MB 1.8 kwa saa, MB 43.2 kwa siku. Kasi si tatizo kabisa. Kumbukumbu ya MB 64 ndani ya kiraka inabeba siku nzima na zaidi, na hiyo ndiyo bima yako.

Indikesheni hudai risiti moja kabla ya kutuma nyingine, kwa hiyo kwa mawimbi ya ECG itakukwamisha. Tumia notifikesheni, ongeza ukubwa wa ujumbe kutoka baiti 20 za kawaida hadi baiti 244, na kila ujumbe ubebe namba ya mfululizo. Pakiti za notifikesheni hupata risiti kwenye ngazi ya redio, ila zinaweza kupotea juu yake, pale foleni ya programu inapojaa. Kituo kikiona pengo la namba kiombe kipande kilichokosekana. Bluetooth ina utaratibu sanifu wa kuomba rekodi zilizohifadhiwa, unaotumiwa na huduma za glukosi na za kipima oksijeni. Iga huo badala ya kubuni wako.

Gawa taarifa kwenye foleni tatu zisizochanganyika. Kengele: baiti chache, hutumwa kwa njia zote, hurudiwa mpaka risiti. Mwenendo, kama mapigo ya kila dakika: zikichelewa saa moja hakuna kilichoharibika, ila zisipotee. Mawimbi ghafi: mzigo mkubwa, hupanda polepole. Intaneti ikirudi baada ya saa sita kuna karibu MB 11 za ECG zinasubiri. Kama foleni ni moja, kengele mpya inapanga mstari nyuma ya mawimbi ya usiku. Mawimbi yawekewe kikomo cha kasi, na kengele iruhusiwe kuyakatiza.

Saa nayo. Kristali ya saa yenye kosa la ppm 20 (sehemu 20 kwa milioni) hupotea sekunde 1.7 kwa siku. Kifaa kihifadhi hesabu yake ya ndani pamoja na idadi ya mara kilipojiwasha upya, na kituo ndicho kioanishe hesabu hiyo na saa halisi kila kinapoungana. Usiandike muda wa kufika kana kwamba ndio muda wa tukio. Daktari anayesoma mapigo ya saa nane usiku yaliyopigwa mhuri wa saa tatu asubuhi atafanya uamuzi wa hatari.

#9 AnteniNdefu

Kwa nini msipeleke kila kitu kwa LoRaWAN (redio ya masafa marefu kwa data kidogo)? Inafika kilomita kadhaa, betri inakaa miaka, na hakuna habari za ruta.

#10 Pakiti

@AnteniNdefu kwa kihisi cha mlango, joto la chumba au kujua kama friji imefunguliwa leo, inafaa. Kwa kengele ya mtu, isiwe njia pekee. Kwenye kasi yake ya chini kabisa, pakiti moja inakaa hewani zaidi ya sekunde moja, na kwenye masafa ya 868 MHz ya Ulaya chaneli nyingi zina ukomo wa asilimia 1 ya muda: ukishatuma sekunde moja unanyamaza dakika moja na nusu na ushee. Kurudia kengele mara tano haraka hakuwezekani. Pia antena ya kituo kikuu inapotuma risiti kwa kifaa kimoja, kwa kawaida haisikii vingine. Ukidai risiti kwa kila ujumbe wa vifaa mia, unakiziba masikio wewe mwenyewe.

Kwa anayehitaji mawimbi ya chini ya 1 GHz ndani ya nyumba, Ulaya imetenga kipande cha 869.20 hadi 869.25 MHz kwa kengele za usaidizi wa kijamii, na hapo mwili na kuta humeza kidogo kuliko kwenye 2.4 GHz.

Kifaa kinachotoka nje na mvaaji kiangaliwe kwa LTE-M kwanza (LTE-M na NB-IoT ni huduma za mitandao ya simu kwa vifaa vidogo): kinahama mnara hadi mnara bila kukata na kinaweza kubeba sauti. NB-IoT inapenya chini zaidi ya ardhi na kuta nene, lakini ujumbe unaweza kuchelewa sekunde kadhaa pembezoni mwa mnara. Na ukiiwasha ile hali ya usingizi mzito, seva haiwezi kukiita kifaa hadi kiamke chenyewe. Kengele ya kutoka kwenye kifaa inakwenda, simu ya kumuuliza mvaaji "uko salama?" haifiki.

#11 KapasitaMia

Twende kwenye kituo na umeme wake, kipande kinachopuuzwa kuliko vyote.

Umeme ukikatika, ruta inazima, kisanduku cha faiba kinazima, na kituo chenye betri yake nzuri kinabaki kikizungumza na ukuta. Betri ya akiba ilishe vyote vitatu. Ruta W 8, kituo W 4, kisanduku cha faiba W 6: jumla W 18. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 7 ina Wh 84, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila mara unaiua mapema, kwa hiyo hesabu Wh 42. Hapo una kama saa mbili, ukitoa upotevu wa kubadili volti. Zikihitajika saa nane, tafuta Ah 28 au betri ya lithiamu inayovumilia kutumika hadi chini. Na kwa kuwa vifaa vya mtaani vya mtoa huduma navyo vinaweza kuzima, kituo kiwe na laini ya simu kama njia ya pili. Kabla ya kuchagua laini hiyo uliza inatumia minara ya nani: kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa juu ya mnara mmoja.

#12 Tarishi

Naunga hapo kwa KapasitaMia. Taa ya ruta kuwaka haithibitishi intaneti. Kituo kisihamie laini ya pili kwa kuangalia kama waya umeunganishwa. Kiangalie kama risiti ya seva imerudi. Tuma salamu kila sekunde 60. Tatu mfululizo zikikosa jibu, hama. Kengele haingoji uamuzi huo: inatumwa njia zote mbili kwa wakati mmoja, seva itajua ni ileile.

Mtego mkubwa uko kwenye TCP, itifaki inayobeba data na kurudia kisichopata risiti. Linux ikituma data na upande wa pili ukanyamaza kabisa, kwa mipangilio ya kawaida inaendelea kujaribu kwa takriban dakika 15 kabla ya kuiambia programu kwamba muunganisho umekufa. Programu yako inaamini imetuma. Weka TCP_USER_TIMEOUT kuwa sekunde 15, na risiti ya kweli itoke kwenye programu ya seva baada ya ujumbe kuandikwa kwenye diski.

Wanaotumia MQTT (itifaki nyepesi ya ujumbe wa vifaa): kengele ziende kwa QoS 1 (inayodai risiti), si 0, na mpokeaji awe tayari kupata nakala. Muda wa uhai ukiwa sekunde 60, seva inakutangaza mfu baada ya sekunde 90, na ule ujumbe wa wosia ulioandikishwa wakati wa kuungana ndio unaomwamsha msimamizi. Wengi hawauandikishi. Wanaotumia CoAP, itifaki nyingine nyepesi, juu ya UDP (usafirishaji usio na risiti zake wenyewe) wajue kwamba ujumbe unaodai risiti, kwa mipangilio ya kawaida, hurudiwa mara 4 na kukata tamaa baada ya hadi sekunde 93. Na ruta nyingi hufuta njia ya UDP iliyokaa kimya, baadhi ndani ya sekunde 30. Baada ya hapo seva haiwezi kukifikia kituo mpaka kituo kianze tena.

Kuhusu kurudia: pakiti 1 kati ya 10 ikipotea, na kila upotevu ukiwa wa peke yake, majaribio matatu yanakuacha na 1 kati ya 1000. Lakini upotevu wa redio huja kwa makundi. Majaribio matatu ndani ya milisekunde 300 yote yanaingia shimo moja. Yatawanye: sasa, baada ya sekunde 1, 3, 7, 15, kila moja ikiongezewa sehemu ya bahati nasibu.

#13 Mzizi

Na simu ya mvaaji kuwa ndiyo kituo? Inaokoa gharama ya kifaa kizima.

#14 Pakiti

Kwa mwenendo wa afya, sawa. Kwa kengele ya anayeishi peke yake, hapana. Android huisinzisha programu simu ikitulia mezani. Utahitaji huduma ya mbele yenye arifa ya kudumu na ruhusa ya kutobanwa na uokoaji betri, na bado baadhi ya watengenezaji wa simu wanaiua. Kwenye iPhone mfumo unaweza kuiamsha programu tukio la Bluetooth likitokea, ila mtumiaji akiifunga kwa kuitelezesha juu, haitaamshwa mpaka aifungue mwenyewe. Ongeza simu iliyosahauliwa chumba kingine, chaji iliyoisha, sasisho la usiku. Simu iwe njia ya ziada mvaaji akitoka nje, kando ya kituo kisichohama.

#15 BiSalama

Naomba niseme kwa niaba ya wanaopokea kengele hizi zamu ya usiku, kwa sababu kipande cha nne kimetajwa mara moja tu.

Kwanza, tenganisheni "ana shida" na "hatuna taarifa zake". Kiwango cha IEC 60601-1-8 kinatofautisha kengele ya mwili na kengele ya kiufundi, na skrini zetu zifanye hivyo kwa rangi, sauti na mtu anayeitwa. Mkanda uliovuliwa ili mtu aoge usimwite muuguzi kama moyo uliosimama. Huduma sanifu ya mapigo ya Bluetooth ina biti zinazosema kama kihisi kimegusa ngozi. Zisomeni. Kengele za uongo zikizidi, masikio yanazoea, na hapo ile ya kweli inapita.

Pili, namba ya zamani isibaki kwenye skrini ikionekana mpya. Mapigo 72 ya dakika arobaini zilizopita ni habari ya hatari kuliko skrini tupu. Ikipita mara mbili ya muda wa kawaida wa kufika, namba ififie na umri wake uandikwe pembeni kwa dakika.

Tatu, risiti ya mwisho itoke kwa binadamu. Kifaa kitoe ishara tofauti: mtetemo mmoja kituo kikisikia, na sauti au taa ya kijani mtu akibonyeza "nimepokea". Aliye sakafuni anahitaji kujua kuna mtu anakuja. Asipojua hilo atajaribu kujiinua na kujiumiza zaidi. Asipopokea wa kwanza ndani ya sekunde 60, iende kwa wa pili, kisha wa tatu, na orodha isiwe na namba ambayo haijajaribiwa mwezi huu.

#16 Msimamizi_Zamu

BiSalama, ahsante sana. Niulize kuhusu vile visanduku vya zamani vinavyopiga simu ya mezani. Laini ikibadilishwa kuwa ya intaneti vitaendelea?

#17 Tarishi

@Msimamizi_Zamu usivitegemee. Vingi vinazungumza kwa milio ya vitufe vya simu. Kwenye laini ya intaneti sauti hubanwa na pakiti hupotea, milio inakatwa au inarefushwa, na kituo cha kupokea kinasoma namba pungufu. Simu inaunganishwa, ila utambulisho haufiki. Na laini ya shaba ilikuwa inaleta umeme wake yenyewe. Ya intaneti inazima pamoja na ruta. Badilisha kwa kisanduku kinachotuma kengele kama data, kwa mfano kwa SCAIP, itifaki iliyojengwa juu ya SIP (itifaki ya simu za intaneti) na kusanifishwa Sweden, na uthibitishe kwamba kituo cha kupokea kinaielewa kabla ya kung'oa cha zamani.

#18 Mzizi

Nipeni namna ya kujaribu yote haya kabla ya kumkabidhi mtu.

#19 Pakiti

Mzizi, tenganisha majaribio ya redio na ya mtandao.

Redio: mtu alale juu ya mkono wenye kifaa, kila chumba, pande zote mbili, abonyeze mara 10. Kwa majaribio ya meza, mfuko wa maji ya chumvi nyepesi juu ya kifaa unakaribia mwili kuliko karatasi ya alumini, ambayo huakisi badala ya kumeza. Washa oveni ya maikrowevu na video ya Wi-Fi kwa pamoja, urudie.

Mtandao: chomoa waya wa faiba huku ruta ikiwaka. Zima umeme wa nyumba. Kwenye kituo cha Linux, haribu njia kwa makusudi:

`tc qdisc add dev eth0 root netem delay 200ms 80ms loss 15% 25%`

Hiyo inaharibu pakiti zinazotoka tu; zinazoingia ziharibu upande wa seva. Asilimia 25 ya mwisho inafanya upotevu uje kwa makundi. Kisha igiza ukimya kamili kwenye mlango wa 8883, unaotumiwa na MQTT iliyosimbwa:

`iptables -A OUTPUT -p tcp --dport 8883 -j DROP`

Tumia DROP, si REJECT. REJECT inajibu haraka kwamba mlango umefungwa, na programu inapona mara moja. Hitilafu halisi hazijibu. Funga na mlango wa 53 uone kama DNS (inayogeuza jina la seva kuwa anwani) ikifa kituo bado kinakumbuka anwani ya seva. Katika kila jaribio andika muda wa kengele kumfikia mtu, na muda wa mfumo kugundua kwamba kituo kimekatika na seva. Huo wa pili ukizidi dakika 5 kwa mtu anayeishi peke yake, rudi kwenye mipangilio.

#20 Mzizi

Jambo moja la ajabu kwenye meza ya majaribio: kituo kikikaa bila umeme siku kadhaa, kikiwashwa kinakataa kuungana na seva ingawa intaneti ipo.

#21 Tarishi

Angalia saa yake. Betri ndogo ya saa ikiisha, kituo kinaamka kikiamini ni Januari 1970, kinakiona cheti cha seva kuwa bado hakijaanza kutumika, na TLS (ulinzi wa muunganisho) inakataa. Kama mlango wa kuulizia saa umezibwa na ruta, kitakaa hivyo milele. Hifadhi saa ya mwisho iliyojulikana kwenye kumbukumbu ya kudumu kila saa moja na uanzie hapo, chukua saa pia kutoka mnara wa simu, na uweke vyeti viwili vya mizizi (vinavyothibitisha cheti cha seva) vyenye tarehe tofauti za kuisha. Seva ikuonye siku 60 kabla cheti hakijaisha, maana kikiisha, vituo vyote vinazima siku moja.

#22 BiSalama

Na baada ya kukabidhi, jaribio la kubonyeza kitufe lifanywe mara ngapi?

#23 Tarishi

Bi, salamu za kituo kila dakika na za kifaa kila dakika 15 zinafanya kazi zenyewe. Kitufe mvaaji akibonyeze mara moja kwa mwezi, akiwa kitandani na akiwa bafuni, mpaka aone taa ya kijani ya binadamu. Rekodi nguvu ya mawimbi ya kila jaribio na uilinganishe na ya siku ya ufungaji. Ikishuka dB 10, kuna kabati lililohamishwa, kipokezi kilichosogezwa au antena iliyolegea. Mtume fundi wiki hiyohiyo, hata kama kengele bado inafika.